Mume Asiyeliliwa

Ukitaka kumjua mtu, mtazame siku maji yamekatika. Pale Migosi, mtaa mmoja wa Kisumu, yalikatika mara kwa mara, na kila yalipokatika wanawake wa ploti walitoka na ndoo na matusi, wakamlaani mwenye nyumba, wakailaani manispaa, na mwishowe wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Beldina peke yake alichukua mitungi yake bila neno, akanunua maji kwa wenye mikokoteni, akarudi kupika. Ukimwambia, "Mama Aoko, hawa watu wanatutesa," alijibu, "Maji si yangu. Kupika ndiko kwangu." Kisha akasonga ugali wake, na majirani wakabaki na hasira zao na ndoo tupu.

Alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa mjini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kutukanwa. Mabwana wa Milimani walitaka Nairobi sasa hivi, na Nairobi isipopatikana walimtukana yeye, kana kwamba ndiye aliyekata nyaya. Vilio navyo alivisikia vingi, maana miaka ile ya tisini watu walikufa sana, na habari za misiba zilipita masikioni mwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Sauti yake haikubadilika. Aliyefiwa na aliyeuliza bei ya saruji waliambiwa vilevile: "Subiri kwenye laini, tafadhali."

Utulivu huo hakuzaliwa nao. Alipokuwa msichana wa shule ya bweni mama yake alifariki, naye akarudi darasani akilia hadi kwenye somo la hesabu. Mtawa mmoja mzee, Mzungu mwenye miguu ya kuvimba, akamwita kwenye chumba cha kushonea akamsimulia habari za Wastoiko, watu wa kale wa Uyunani na Roma, waliopoteza watoto na merikebu na falme bila kujipoteza wenyewe. Siri yao, alisema, ni kutenganisha. Yaliyo mikononi mwako ni machache: unavyofikiri, unachotaka, unachotenda. Mengine yote, mvua, mshahara, ulimi wa jirani, pumzi ya umpendaye, umeazimwa tu, na mwenyewe huja kuchukua chake bila kubisha hodi.

Msichana aliyashika maneno hayo kama anayezama anavyoshika ukingo wa mtumbwi. Ila kuna jambo mtawa hakulitaja na mtoto hakuliuliza: kulia kuko upande gani? Beldina alijijibu mwenyewe. Alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka, na mama yake hakurudi. Basi akakitupa kilio kule kwenye vitu visivyo vyake, pamoja na mvua, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akilia.

Mungu naye ana mzaha wake. Akampa mume mwenye kelele. Dalmas Ogola alikuwa fundi wa injini za meli pale gatini, mtu wa kucheka hadi anashika ukuta, na kwenye misiba ya watu wengine alilia kuliko wenye maiti. Utulivu wa mkewe aliupenda kama mtu anavyopenda kivuli. "Mke wangu," aliwaambia wenzake, "hata simba akiingia sebuleni atamuuliza anataka kuongea na nani." Jioni alipotoka kazini alivua gambuti zake nje, akazigonganisha ukutani kukung'uta matope, kisha akaita, "Wenyewe wapo?" Hakuingia mpaka mmoja wao, Beldina au binti yao Aoko, amjibu, "Wapo." Ilikuwa michezo yao ya nyumbani, ya kipuuzi kama michezo ya watu wanaopendana ilivyo.

Alikufa Jumamosi moja mchana, mwezi wa pili, jua likiwa linachemsha mabati. Alikuwa kitini pake anakula ngege, samaki wa ziwani, kwa ugali, akisimulia habari za bosi wake, na katikati ya sentensi akanyamaza. Akaweka mkono kifuani kama mtu aliyesahau kalamu. Beldina alimwahi kabla hajaanguka, akamshika, na akiwa amemshika hivyo akahisi uzito wake ukibadilika. Aoko alikuwa nje anaruka kamba na wenzake.

Kwa Wajaluo, hapo ndipo mke ana kazi. Hupiga nduru, ukelele mmoja mrefu unaopasua mtaa, na nduru hiyo ndiyo inayowaambia watu, na wengine husema inamwambia hata marehemu mwenyewe, kwamba mambo yamekwisha. Mke asipolia, wengine hawana pa kuanzia. Beldina alikuwa nyar Gem, binti wa Gem, amelelewa humo humo na alijua. Aliisikia nduru ikipanda kutoka tumboni, ikafika kooni, naye akaimeza. Akauosha mkono wa mumewe uliokuwa na mchuzi, akamfumba macho, akavaa viatu, akaenda mlango wa pili kwa jirani yake Agneta Nabututu, ambaye mumewe, Walubengo, baba wa Waliaula, alikuwa na pikapu.

"Mwambie Baba Waliaula alete gari," akasema. "Dalmas ameacha kupumua."

Agneta akafungua mdomo kupiga mayowe. Beldina akamziba kwa kiganja.

"Usilie, Agneta. Utamshtua mtoto."

Sijui kama umewahi kusikia mfiwa akimziba jirani mdomo. Agneta hakuwahi. Alinyamaza, lakini baadaye aliwaambia watu kwamba kile kiganja kilikuwa kikavu na hakikutetemeka, na kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko maiti.

Wakamzika kwao Nyakach, upande wa chini, ukitoka Sondu na kuteremka kuelekea ziwani. Watu walijaa. Beldina alisimama kando ya jeneza akamshukuru kila mtu kwa jina lake, akatangaza nani atakula wapi, akahakikisha wageni wa ofisini wamepata viti vyenye kivuli. Mchungaji akamnyooshea mkono akasema, tazameni imani. Mabwana wa mjini wakanong'onezana kwamba mama huyu ana moyo wa chuma. Lakini kule jikoni, kwenye moshi, wanawake walikuwa na maneno yao. "Huyu ni mke," mmoja akauliza akimenya ndizi, "ama ni karani wa mazishi?"

Mama mkwe wake, Dorca, hakunong'ona. Alimvuta mkono siku ya kwanza tu, mwili ulipofika.

"Nyar Gem. Wakati alikufa, ulipiga nduru?"

"Niliita gari, Mama."

Yule mzee akamwachilia mkono. Hakumwuliza tena, na hakumsemesha tena mpaka matanga yakaisha. Beldina aliona afadhali hivyo. Ulimi wa mama mkwe haukuwa wake.

Aliporudi kazini, mapema kuliko ilivyotarajiwa, alijisikia mtupu na msafi, kama nyumba iliyohamwa. Alijiambia kuwa huo ndio ushindi wenyewe. Aoko naye hakuwa amelia. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, na kaburini alisimama akishika sketi ya mama yake, macho makavu. Watu walisema ni mtoto wa mamake kweli, na Beldina akaona fahari. Laiti angejua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayekificha kilio chenyewe.

Gambuti zilianza mvua za masika ziliposhika. Beldina alikuwa anachagua mchele, jua limekwisha kushuka nyuma ya nyumba za jirani, akasikia ukutani ule mgongano wa mpira na saruji. Mikono yake ikasimama. Ni watu wa ploti, akajiambia. Nani mtaani hana gambuti msimu huu? Jioni iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata, saa ile ile ya watu wa gatini kutoka kazini. Ukitoka nje hakuna mtu. Chini ya dirisha kulikuwa na matope meusi yenye mafuta, yasiyofanana na udongo wa Migosi, na Beldina akayafagia.

Hakukimbilia kwa mchungaji wala kwa mganga. Alifanya alichofundishwa. Kusikia si kwangu, alisema moyoni, masikio husikia bila kuniomba ruhusa. Kuamini ndiko kwangu. Basi alisikia na hakuamini, jioni baada ya jioni, na kwa muda ilimtosha. Hata alipoona mto wa kile kiti cha Dalmas ukibonyea taratibu, kama unavyobonyea chini ya mtu aliyechoka, hata harufu ya grisi ilipojaa chumbani, alivuta kiti chake mkabala akaendelea kufuma. Alikuwa ameamua kuishi na jambo lile kama alivyoishi na mgao wa maji. Ndiyo, alikuwa na hofu. Nywele zilimsimama na vidole vilikosea fundo, lakini hofu pia aliihesabu kuwa ni hali ya hewa tu.

Aliyemshinda ni Aoko. Siku moja akamkuta anamimina chai vikombe vitatu.

"Hiki cha nani?"

"Cha Baba," Aoko akasema. "Lakini hanywi. Anakiangalia tu."

"Aoko, Baba tulimzika. Ulikuwepo."

"Najua." Mtoto akaifunika birika kwa kitambaa vile babake alivyopenda. "Lakini yeye ndiye hajui, Mama. Kila siku anasimama hapo nje anauliza, 'Wenyewe wapo?' mimi namjibu ndipo anaingia, lakini wewe uko hapa, na hujibu. Anauliza kama tumemkasirikia."

Beldina pia alikuwa amelisikia swali hilo. Alilisikia kila jioni baada ya gambuti, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeanza kuwa na wasiwasi nyumbani kwake mwenyewe, na kila jioni alilihesabu pamoja na kelele za mtaa. Kwamba mtoto amelisikia pia, hilo hakuwa na mahali pa kuliweka. Akamwambia aende akafanye kazi ya shule. Kile kikombe cha tatu akakimwaga nje.

Baada ya hapo Aoko akaanza kupungua. Alikula vizuri, alikwenda shule, lakini alikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Ukimwita alichelewa kugeuka. Alicheka peke yake kwa mzaha ambao hakuna aliyeutoa. Agneta aliona. "Mama Aoko, huyo mtoto ako na kitu," alisema uani, akianika nguo. "Mimi si wa kabila yenu, siwezi jua mambo yenu. Lakini kwetu mtoto akiongea na ukuta, hatungoji." Beldina akamshukuru kwa sauti ile ile ya kwenye laini.

Usiku wa Alhamisi, wakifunga madirisha, Aoko akasema kwa upole, "Anaenda zake, Mama. Amechoka. Anasema wewe humwongeleshi, afadhali aende kwao. Amesema nimsindikize."

"Hutaenda popote."

"Ni kumsindikiza tu. Mgeni si husindikizwa?"

Kesho yake mchana, taa ya laini ya nje ikawaka kwenye ubao wa simu. Beldina akachomeka waya akasema jina la ofisi. Alikuwa bawabu wa gatini, Wakhisi, mtu aliyefanya kazi na Dalmas. Alihema. "Niunganishe na Mama Aoko, opereta," akasema. Beldina akasema ni yeye. "Mama, kuja. Mtoto wako ako hapa. Ameingia kwa maji."

Hakusema asubiri kwenye laini. Aliacha waya zikining'inia na taa zikiwaka, akakimbia, na Kisumu nzima ikamwona opereta mwenye sauti ya barafu akikimbia Oginga Odinga Street na viatu mkononi.

Gugu maji lilikuwa limeshaanza kuifunika ghuba, kijani kibichi hadi unadhani ni shamba. Wakhisi alikuwa amemtoa Aoko, amemfunika koti. Sare yake ilikuwa imeloa hadi kifuani. Alikuwa akienda taratibu, Wakhisi alieleza, bila kurusha maji, amenyoosha mkono mmoja pembeni kama mtoto anayevushwa barabara, na midomo yake ilikuwa ikiongea. Alipomfikia, mtoto alipinga. Alikuwa mzito, alisema, mzito kuliko mtoto, kama kuna mtu upande wa pili anamvuta. Kisha Wakhisi akatazama chini, akijutia kulisema.

"Alikuwa amenishika, Mama," Aoko akasema. Meno yake yaligongana. "Hakuwa ananidhuru. Alikuwa hajui njia."

Beldina akaukamata ule mkono. Ulikuwa baridi kama samaki wa jokofuni, na ulinuka grisi.

Hapo sasa akajaribu. Huwezi kusema hakujaribu. Njia nzima ya kurudi Migosi, mtoto mgongoni, alijaribu kuisema ile hesabu yake: pumzi ya mtoto si yangu, nimeazimwa. Alikuwa ameisema juu ya maji na mshahara na ulimi wa watu. Alikuwa ameisema juu ya Dalmas mwili ungali moto. Sasa ulimi ukagoma. Alimtaka Aoko. Alimtaka kwa uchoyo, kwa kucha na meno, na hakuna falsafa aliyoijua iliyotosha kuupasha joto ule mkono baridi.

Alfajiri wakaenda Nyakach. Dorca walimkuta nje ya nyumba yake, ameketi kwenye ngozi, anavuta sigara kama wazee wa kike wa huko wanavyovuta, upande wenye moto ndani ya mdomo. Alimtazama mjukuu kuanzia kichwani hadi miguuni, akamtuma jikoni akaote moto. Mkwewe hakumkaribisha kiti. Beldina akaketi chini akamweleza yote, gambuti, kiti, vikombe, maji. Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti. Kisha akauliza, "Hapa kwako anakuja?"

"Hapa aje kufanya nini?" Dorca akaigeuza sigara mdomoni kwa ulimi. "Mimi nilimlilia."

"Mama, watu wote walimlilia. Boma lilijaa."

"Walilia. Mimi nililia mtoto wangu. Ndugu zake wakalia ndugu yao. Mume wako hakuna mtu alimlilia. Huyo ni wako. Sasa anazunguka na viatu mkononi anauliza kama nyumba iko na watu, na mwenye nyumba anafuma sweta."

Beldina akahisi hasira, na ilimshangaza, maana hakuwa ameionja kwa miaka mingi. "Kulia kungemrudisha? Mimi nililia mama yangu mpaka nikakauka. Hakurudi."

"Nani alikuambia tunalia ndio warudi?" Dorca akasema. "Tunalia ndio waende."

Kuku wakapita katikati yao. Mzee akawafukuza kwa mkono, akaendelea.

"Mimi nimezika watoto kushinda wale wamebaki. Hata mmoja sikuzuia, utazuia aje? Kufa ni kwao. Kulia ni kwangu. Mtu akikufa natoa yangu yote, simwachii deni, na nikimaliza nachukua jembe naenda kupalilia. Wewe kila mtu alisema una nguvu. Nguvu gani? Kazi ilikuwa moja na ukaikataa."

Ilikuwa ajabu kumsikia mtawa wa miguu ya kuvimba akisema kupitia moshi wa sigara, tena akiwa na hasira. Kutenganisha kulikuwa kule kule. Ni Beldina, mtoto mwenye uchungu, aliyekosea mahali pa kuweka kitu kimoja, kisha akajenga maisha yake yote juu ya kosa hilo na kuliita busara. Alitaka kucheka. Badala yake akauliza, "Nilie sasa? Kaburini?"

"Hapa ni kwangu, na saa ya hapa imepita. Alikufa kwa kiti yako akila chakula yako. Anangoja huko. Na ulie mchana, watu wakiwa macho. Nduru ya kujificha ni ya mwizi." Dorca akatema majivu. "Mimi sikupendi, Nyar Gem, hiyo unajua. Lakini huyo msichana ni wa mtoto wangu. Nenda."

Jumapili alasiri ploti nzima ilikuwa uani. Watu walikuwa wametoka kanisani, wanafua, wanasukana, redio tatu zikishindana. Beldina alisimama sebuleni mbele ya kile kiti. Aoko alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi. Aibu ikampanda, aliwaza majirani, aliwaza wataongea nini, yeye ambaye alikuwa amewafundisha wote kwamba maneno ya watu si kitu. Akajipiga kifua. Akajaribu kumkumbuka mumewe katika jeneza, haikusaidia. Aliyekuwa ameizuia ile sauti miaka yote hiyo alikuwa yeye mwenyewe, na alikuwa amefanya kazi nzuri. Pale kooni palikuwa pamesafishwa, hapana kitu.

Ukutani gambuti zikagongana.

Haikuwa saa yake. Jua lilikuwa bado kali, lakini alikuja, na Beldina akajua kwa nini: alikuwa anaaga. Harufu ya grisi ikaingia chini ya mlango. "Wenyewe wapo?" sauti ikauliza, na safari hii haikuwa na mzaha hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu mpweke. Aoko akainuka, uso wake ukafunguka kwa furaha, akaweka mkono kwenye komeo.

"Dalmas," Beldina akasema.

Mtoto akageuka, maana hakuwa amemsikia mama yake akilitamka jina hilo tangu mazishi. Walisema marehemu, walisema baba yako, walisema yaliyotokea.

"Dalmas, umekufa." Sauti ilimtetemeka ikapasuka. "Ulikufa ukila. Hapa, nilikushika, ulikuwa unanieleza maneno ya bosi wako, hukumaliza. Hatukukukasirikia. Tulikuzika kwenu. Umekufa, Dalmas. Mume wangu, umekufa na sikukwambia."

Hakuna aliyejibu, ila ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza. Beldina alimhisi upande wa pili wa ule ubao mwembamba, amesimama na soksi zake kwenye saruji, akilielewa jambo hilo polepole. Kisha kitu kikamwachia tumboni, kikapanda bila kuomba ruhusa, na safari hii hakukimeza.

Waliokuwa pale Migosi siku hiyo husema redio zilizimika. Si kweli, watu ndio walizizima. Nduru ilitoka ndefu na mbaya, haikuwa na maneno wala uzuri wowote, ikapita mabatini ikavuka hadi ploti ya pili na ya tatu, ikakatika akivuta pumzi, ikaanza upya. Ndani yake alikuwemo Dalmas, alikuwemo mama aliyezikwa zamani, walikuwemo wafu wote waliopita kwenye waya zake wakaambiwa wasubiri. Akaanguka magotini. Mkono wa Aoko ukaachia komeo. Mtoto alitazama mlango, akamtazama mama yake, midomo ikaanza kumcheza, kisha akaja mbio akajitupa juu yake na kulia kwa sauti kubwa, kama mtoto yeyote wa darasa la tano aliyefiwa na baba. Mikono yake ilikuwa moto.

Agneta ndiye aliyefika wa kwanza, povu la sabuni hadi viwikoni, na nyuma yake ploti nzima ikasongamana mlangoni. Hapakuwa na mtu mwingine pale nje.

"Mama Aoko, ni nini? Nani amekufa?"

"Dalmas," Beldina akasema kutoka sakafuni. "Mume wangu amekufa."

Wanawake wakatazamana. Wote walikuwa wamechanga kwenye mazishi yale, na wengine wao walifika hadi Nyakach wakaliona kaburi likifukiwa. Mmoja wao akamwuliza kwa upole, kama unavyomwuliza mgonjwa, "Amekufa lini, Mama?"

"Leo," Beldina akasema. "Amekufa leo."

Hakuna aliyembishia. Wakavua viatu mlangoni, wakaingia mmoja mmoja, wakaketi chini kulia naye.